Si Lazima, Lakini
Kiingereza kina "must not" ya kukataza na "don't have to" ya kukuachia hiari. Kiswahili huhamisha tu "si": "ni lazima usichange" ni marufuku, "si lazima uchange" ni juu yako.

Sasa fungua grupu ya WhatsApp ya matanga, iwe Nyeri, Karatina au Nanyuki. Mwenyekiti anaandika, "Si lazima, kila mtu na uwezo wake." Baadaye orodha inashuka: jina, kiasi, jina, kiasi. Lako halipo, na wote wanaona.

Hiari haipimwi kwa maneno. Hupimwa kwa heshima anayobaki nayo yule asiyetoa. Isipobaki, basi hiyo ni kodi, na tuiite kodi. Mfiwa anastahili pole isiyo ya kulazimishana.