Barua Zinazoruhusiwa Kupotea

Kuhama ni jambo la kale kwa binadamu, na desturi yake ni kwamba mwenye mali huchagua mwenyewe cha kubeba na cha kuacha. Akiacha kinu kilichopasuka, hasara ni yake. Akibeba mkeka uliochakaa, mzigo ni wake. Hapana wa kumwuliza. Lakini iko mali ambayo mbebaji wake si mwenyewe, na wenyewe wakati wa kuhama hawapo. Wengine wamestaafu, wengine wamehamishwa, wengine wamekufa, na wengine hawajaajiriwa bado. Mali hiyo ni barua za ofisi zilizowekwa mahali pa wote. Siku hizi barua hizo hazikai katika kabati za masijala peke yake. Nyingi zimo katika folda za barua pepe ambazo watumishi wa ofisi nzima, au wa idara moja, huzifungua na kuzisoma kwa pamoja. Mfumo wa zamani ukichoka, fundi huitwa azihamishie katika mfumo mpya. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya ufundi tu. Yafaa kuulizwa kama ni ya ufundi tu kweli, au kama ndani yake mna hukumu inayotolewa na mtu ambaye hakupewa kiti cha hakimu.

Nachingwea na jirani yake Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, ni mahali panapofaa kulipima swali hili, kwa sababu nchi ile imeona kuhama kwingi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao wa kufyeka pori la Tanganyika ili walime karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, umekwisha kumeza paundi milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili yake ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Baada ya wakulima wa karanga walikuja wapiganaji wa FRELIMO, ambao walikuwa na kambi kubwa ya mafunzo hapo mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, nao wakaondoka. Katika miaka ya 1990 Ruangwa ikafanywa wilaya yake yenyewe, yenye boma lake na masijala yake. Kila mara watu waliondoka au mipaka ikabadilika, na kila mara yalibaki maswali ambayo majibu yake yalikuwa katika karatasi. Baadhi ya hati za Overseas Food Corporation, shirika lililoendesha kilimo kile cha karanga, zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza huko Kew. Mzawa wa Nachingwea atakaye kujua habari za ardhi ya babu zake katika miaka ile huenda akalazimika kubisha hodi London.

Karatasi ya ofisi, kwa mtu asiyekuwa na cheo, si takataka wala si kumbukumbu ya mapenzi. Ni haki yake iliyoandikwa. Mwezi wa Novemba 2018 Rais John Magufuli alipoamuru Serikali inunue korosho zote kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walifanyiwa uhakiki kabla ya kulipwa. Siku ya uhakiki haikutosha mtu kuwa na mikorosho. Ilimpasa iaminike kwamba anayo. Hali ya mwalimu anayestaafu ni hiyo hiyo. Amefundisha miaka 30 na zaidi, vijana aliowafundisha wamekuwa wazee, lakini mafao yake hungojea barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa daraja. Kijiji alichofundisha hakikusogea hata hatua moja, bali boma lake limebadilika, na moja ya barua zake ikabaki kwa jirani.

Zamani jalada lilikuwa na adabu yake. Kila barua ilipewa namba ya folio, ikafungwa kwa kamba juu ya ile iliyotangulia. Madokezo yalionyesha aliyeisoma, aliyemwelekeza mwenzake aishughulikie, na siku aliyotia sahihi. Mtu akichomoa karatasi moja, pengo la namba lilimshtaki. Folda ya barua pepe haina kamba wala folio. Adabu yake imo katika mambo matatu: jina la folda, mahali ilipo chini ya folda nyingine, na orodha ya walioruhusiwa kuifungua. Mambo haya hayaonekani ndani ya barua yenyewe. Barua yaweza kuhama ikafika salama, herufi kwa herufi, na mambo yote matatu yakapotea njiani. Barua ya namna hiyo ni kama mtu aliyefika ugenini bila jina la ukoo. Yuko hai, lakini hapana ajuaye ni wa nani.

Mfano mmoja ni mdogo, na kwa hakika wachekesha kidogo. Programu ya Exchange ya kampuni ya Microsoft, ambayo tangu ilipotoka mwaka 1996 imekuwa na folda za namna hii zinazotumiwa na ofisi nzima, ina masharti yake siku ya kuhama. Sharti moja ni kwamba folda yenye alama ya mkwaju katika jina lake haihamishiki mpaka jina libadilishwe. Sasa, namba za kumbukumbu za ofisi za Tanzania zimejaa mikwaju. Mkwaju ndio utenganishao idara na somo, somo na jalada, jalada na folio. Ofisi iliyozipa folda zake majina kwa kufuata namba za majalada, kama ofisi yenye nidhamu ifanyavyo, itaona kwamba nidhamu yake ndiyo kosa lake. Fundi ataiondoa mikwaju yote kwa amri moja, pengine aweke kistari mahali pake, pengine asiweke kitu. Kwake yeye ni alama tu. Lakini mtunza kumbukumbu atakayekuja baadaye, mwenye barua ya karatasi yenye namba kamili mkononi, atatafuta folda yake asiione, aseme haipo. Jambo lingetengenea kwa karatasi moja yenye safu mbili, jina la zamani na jina jipya. Ni kazi ya mchana mmoja, na aghalabu haifanywi, kwa sababu hapana aliyeambiwa kwamba ni yake.

Liko sharti jingine, nalo halichekeshi. Katika shehena ya barua za miaka kumi au kumi na mitano hazikosekani zilizooza: zimeharibika ndani, au viambatisho vyake ni vikubwa kuliko kiasi ambacho mfumo mpya unapokea. Mtambo ukikutana na barua ya namna hiyo husimama. Ili usisimame, fundi anaweza kuutajia mapema idadi ya barua ambazo waweza kuziruka ukaendelea na kazi. Akisema 10, mtambo utaacha barua mbovu mpaka kumi pasipo kulalamika. Akisema 500, utaacha mpaka mia tano. Idadi hiyo huandikwa kabla mtu hajajua ni barua zipi. Huandikwa na kijana mwema, mwenye haraka, aliyeahidi kwamba Jumatatu asubuhi watumishi watakuta kila kitu tayari. Wala hakuna ubaya katika moyo wake. Lakini tazama alichofanya: ameamua ni haki ngapi za watu wengine zinaweza kupotea bila kazi kusimama, na ameamua bila kuwauliza wenye haki, bila kumwuliza mkuu wa ofisi, na bila yeye mwenyewe kufikiri kwamba ameamua jambo lo lote.

Yaweza kujibiwa kwamba idadi hiyo iwe sifuri, na neno likaisha hapo. Jibu hili lina sura ya uadilifu, lakini halifai. Barua moja iliyooza ingezifunga maelfu zilizo nzima, na ofisi ingebaki katika mfumo usiopata tena matengenezo ya usalama, mpaka siku moja zote zipotee kwa pamoja. Anayekataa hasara ndogo kwa ajili ya jina la amana huweza kuiponza amana yote. Kwa hiyo ukubwa wa idadi si kiini cha ubishi huu. Mtambo ukimaliza kazi huweza kutoa taarifa ya vitu ulivyoviruka, na taarifa hiyo yaweza kuhifadhiwa au kutupwa. Barua iliyopotea ikiwa na jina katika orodha bado ina mwenyewe. Iliyopotea bila orodha ni kama haikuandikwa kamwe, na mstaafu aliyeitaja barua hiyo anakuwa mwongo pasipo kosa lake.

Wapo watetezi wa kusahau, nao wasikilizwe. Katika folda za pamoja mna mambo ambayo hayakustahili kamwe kuwekwa mbele ya macho ya wote: shauri la nidhamu la mtumishi aliyekwisha kusamehewa, ugonjwa wa mtu ulioelezwa katika ombi la ruhusa, deni la mjane. Yaliwekwa pale kwa uvivu, kwa kuwa folda ilikuwa karibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa hoja hii nguvu, na siku ya kuhama ni siku nzuri ya kuufunga mlango ulioachwa wazi. Haya yote ni kweli. Hata hivyo kufunga si kuharibu. Kupunguza idadi ya wanaoisoma barua ni kumstahi anayetajwa ndani yake. Kuifuta ni kumnyang'anya hata yeye mwenyewe. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, haikumwachia mtumishi uhuru wa kuteketeza kumbukumbu za umma apendavyo. Kuteketeza kuna utaratibu na wenye mamlaka yake. Wengi wanaoiheshimu sheria hii mbele ya kabati la chuma huisahau mbele ya kioo cha kompyuta, kana kwamba barua ilikuwa karatasi na si maneno.

Neno lenyewe, kuhamisha, lina historia isiyo safi. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Malkia zisiachiwe serikali za nchi zinazopata uhuru. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa hadi Uingereza. Za Tanganyika zilikuwa miongoni mwake. Zilifichwa kwa miaka mingi, na zilipofichuka mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walipoishitaki Serikali ya Uingereza kwa mateso ya siku za Mau Mau, zilijulikana kwa jina la nyaraka zilizohamishwa. Mwaka 2013 Serikali hiyo ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 paundi milioni 19.9. Ingekuwa dhuluma kumfananisha fundi wa Nachingwea na makatibu wale, maana wao walijua walichokuwa wakificha, naye hajui hata anachoacha. Lakini kwa mtu aliyekuja na shida yake dirishani, barua iliyofichwa kwa makusudi na barua iliyorukwa na mtambo hazina tofauti. Zote mbili hazipo. Nia ya mhamishaji humhusu mhamishaji na dhamiri yake.

Ofisi nyingi zitapita katika njia hii, kama hazijapita. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019. Na nje ya Serikali, vyama vya ushirika, hospitali za misheni na mashirika hununua huduma kutoka kampuni za mbali, ambazo mitambo yake haimo katika mkoa wala katika nchi. Jambo moja katika kuhama huku halirudishiki kwa urahisi: mlango wa zamani ukishafungwa na barua mpya zikaanza kuingia kwa mlango mpya, anayetaka kurudi alikotoka huziacha nyuma zile zilizoingia kati. Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni kabla ya kufungwa mlango, na wa kuulizwa si fundi peke yake. Mtunza kumbukumbu, ambaye aghalabu huketi chumba cha nyuma na huarifiwa siku ya mwisho, ndiye ajuaye folda ipi yenye jina la ovyo ina mambo ya mirathi, na ipi yenye jina la fahari haina kitu. Mkuu wa ofisi ndiye anayepaswa kuitia sahihi ile idadi. Mfumo wa zamani, hata kama hauna kazi, uhifadhiwe kwa muda uliotajwa, na muda huo ujulikane na wote.

Taarifa ya barua zisizohamia, ikichapwa, haizidi kurasa chache, na mahali pake ni masijala, katika jalada la karatasi lenye kamba na folio. Mstaafu wa Ruangwa aliyedamka kupanda gari kwenda Nachingwea anaweza kufunuliwa jalada hilo. Huenda barua yake isipatikane. Lakini akiikuta namba yake, na tarehe, na jina la ofisi iliyoiandika, ataweza kwenda Lindi au kuandika Dodoma kuomba nakala, akiwa na ushahidi mkononi kwamba barua ile ilikuwapo.