Kutojua kwa Mkubwa

Wengi wetu tunakubali kwamba kutojua hupunguza lawama. Mtoto avunjaye chombo asichokijua thamani yake huonywa, hachapwi. Lakini je, udhuru huo unamfaa pia mtu mwenye madaraka ya kuwatuma wenzake kufa? Hebu tulipime swali hili kwa vita ambavyo habari zake zimehifadhiwa vizuri.

Tarehe 24 Juni 1916, mizinga ya Waingereza ilianza kuzipiga ngome za Wajerumani karibu na mto Somme, kaskazini mwa Ufaransa. Kwa siku saba ilirusha makombora yapatayo milioni moja na nusu. Wakubwa waliamini kwamba baada ya kishindo kile askari wa miguu wangepita bila kupingwa. Haikuwa hivyo. Makombora mengi yalikuwa ya kutawanya risasi ndogondogo, nayo hayakuweza kuwafikia watu waliojichimbia chini sana ardhini. Mengine mengi hayakulipuka. Jenerali Haig naye alitaka eneo kubwa zaidi lipigwe kuliko alivyopendekeza Rawlinson, aliyeongoza mashambulizi, na hivyo nguvu ya mizinga ikatawanyika. Asubuhi ya tarehe 1 Julai askari walitoka, wakakuta seng'enge ingali imesimama mahali pengi na bunduki za rasharasha zinawangoja. Siku hiyo moja Waingereza 19,240 walikufa.

Wapo wanaowatetea makamanda hao. Husema kwamba jeshi lilikuwa changa, kwamba Wafaransa walikuwa wakiteketea Verdun na walihitaji msaada wa haraka. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, doria za usiku zilikuwa zimerudi na habari kwamba seng'enge haijakatika, na baadhi ya wakubwa hawakutaka kuzisadiki. Hapo hatuzungumzii tena kutojua, bali kukataa kujua.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mapema mwaka 1917 Mkanada Arthur Currie, ambaye kabla ya vita alikuwa akiuza bima na viwanja, alipelekwa Verdun kujifunza kwa Wafaransa. Hakuridhika na maelezo ya majenerali. Aliwauliza pia maofisa wadogo waliokuwa wamepigana wenyewe. Wakanada walipojiandaa kukiteka kilima cha Vimy, mizinga ya adui ilitafutwa kwa kufuatilia mlio na mwako wake, ili ipigwe kwanza. Askari walifanya mazoezi ya shambulio, wakapewa ramani ambazo zamani zilikuwa za maofisa tu. Tarehe 9 Aprili walisonga mbele nyuma ya pazia la makombora lililosogea kwa muda uliopimwa. Kilima kilitekwa.

Pamoja na hayo yote, Wakanada 3,598 waliuawa Vimy, na makombora yaliyolengwa vizuri yaliua vijana wa Kijerumani waliokuwa nao na mama zao. Kwa hiyo sisemi kwamba maarifa huifanya vita kuwa njema. Ninachosema ni kwamba mkubwa hana haki ya kutumia maisha ya mtu kulipia jambo ambalo angeweza kulijua kwa kuuliza. Kadiri cheo kinavyopanda ndivyo udhuru wa kutojua unavyopungua, kwa sababu mwenye cheo ana watu wa kutuma wakamtazamie, na ana wajibu wa kuwasikiliza warudipo, hasa wanaporudi na habari asizozipenda.