Vikombe 80 vya Fedha



Vijana wenzangu, tumo katika mwezi wa kuwaombea marehemu, na bahasha za majina zimeshaanza kujaa pale altareni. Kuna swali nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu mwezi uanze. Tunapomkumbuka mtu tuliyempenda, je, tunadaiwa kumkumbuka jinsi alivyokuwa kweli, au upendo unaturuhusu kubaki na yale mazuri tu? Msibani kila mtu husifiwa. Hata yule ambaye jumuiya nzima ilimjua kwa ukali wake, siku hiyo anakuwa "mtu wa watu". Tunafanya hivyo kwa mapenzi, sikatai. Lakini je, ni haki?

Walionisaidia kulifikiri swali hili ni kundi moja la wazee wa jeshi la anga la Marekani. Naomba mnivumilie, maana hadithi yao inahitaji kuelezwa kidogo.

Tarehe 18 Aprili 1942, miezi minne baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, ndege 16 za mabomu aina ya B-25 ziliruka kutoka kwenye Hornet, meli ya kubebea ndege, huko Bahari ya Pasifiki. Zilikwenda kupiga Tokyo na miji mingine ya Japani. Kila ndege ilikuwa na watu watano, jumla 80, chini ya James Doolittle. Zilikuwa kubwa mno kuweza kurudi kutua melini, kwa hiyo mpango ulikuwa wapige kisha waendelee mbele hadi China. Meli ikaonekana na adui mapema, ikabidi waruke wakiwa mbali kuliko walivyopanga, na mafuta hayakutosha. Ndege moja ilitua Urusi. Nyingine 15 ziliishia kuanguka China au kwenye maji ya pwani yake. Watatu walikufa katika kuanguka huko. Wanane walikamatwa na Wajapani. Watatu wakapigwa risasi Oktoba mwaka huo huo, mmoja akafia gerezani.

Vita vilipokwisha, waliobaki wakaanza kukutana, karibu kila mwaka, kwa miongo mingi. Mwaka 1959 mji wa Tucson, Arizona, uliwapa vikombe 80 vya fedha, kila mtu chake. Jina limechongwa mara mbili kwenye kila kikombe: mara moja wima, mara moja juu chini. Mwenzao akifa, kikombe chake kinafudikizwa, na jina lake bado linasomeka. Pamoja na vikombe hivyo walitunza chupa ya konyaki ya mwaka 1896, mwaka aliozaliwa Doolittle, wakakubaliana kwamba wawili wa mwisho ndio wataifungua. (Najua mnajiuliza frateri ana habari gani na konyaki. Nasoma tu.)

Umri haukuwasubiri. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki wanne, wakaamua wasingoje wawe wawili. Tarehe 9 Novemba, kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga karibu na Dayton, Ohio, walifika watatu. Wa nne, Robert Hite, afya haikumruhusu kusafiri. Yakasomwa majina yote 80, na wale watatu, kila mmoja jina lake lilipotajwa, akaitika kwamba yupo. Richard Cole, aliyekuwa rubani msaidizi wa Doolittle mwenyewe, alikuwa na miaka 98. Aliifungua chupa, wakanywa kwa heshima ya waliokufa kwenye safari ile na waliofariki baadaye.

Mimi sikuweza kuyasoma haya bila kufikiria litania. Jina moja linaitwa, mtu anaitika. Jina lingine linaitwa, kimya, na kimya hicho wanakibeba wale waliobaki.

Aristotle, katika maadili yake, anataja methali ya watu wa zamani kwamba huwezi kumjua rafiki mpaka muwe mmekula chumvi pamoja. Sisi Waswahili tunasema mzee "amekula chumvi nyingi", tukimaanisha umri. Kwa wazee hawa maana zote mbili zinakutana. Chumvi waliyoila pamoja vijana wakiwa na miaka ishirini na kitu, waliendelea kuila mpaka tisini na kitu. Ukiwa mwanafunzi wa falsafa unafundishwa kwamba urafiki wa kweli ni nadra. Basi hawa hapa, na urafiki wao umedumu kuliko mataifa mengi yaliyozaliwa baada ya vita ile.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu.

Mabomu yale yaliua watu wapatao 50 huko Japani, raia wakiwemo. Na China je? Wakulima na wanavijiji wa Zhejiang na Jiangxi waliwaokota Wamarekani hawa mashambani na milimani, wakawaficha, wakawalisha, wakawavusha. Jeshi la Japani lilipoingia mikoa hiyo kuanzia Mei 1942, lilitaka kuharibu viwanja vya ndege na pia kulipiza kisasi. Vijiji vilichomwa, watu wakauawa kwa makundi. Makadirio yanayotajwa sana yanafika watu 250,000. Mapadre Wavinsenti kutoka Marekani waliokuwa wakifanya umisionari Jiangxi waliyaona waliyoyaacha wanajeshi wale, wakaandika.

Vikombe vilikuwa 80. Hao wengine wanakumbukwa na nani, na kwa kikombe kipi?

Mwanafalsafa Avishai Margalit, katika kitabu chake juu ya maadili ya kumbukumbu cha mwaka 2002, anasema wajibu wa kukumbuka unakaa hasa kati ya watu wenye uhusiano wa karibu: ndugu, marafiki, watu wa jamii moja. Kwa wanadamu wote tunadaiwa mambo mengine, kama kutowadhulumu, lakini kumbukumbu kwa sehemu kubwa ni ya nyumbani. Nadhani yuko sahihi kuhusu mahali kumbukumbu inapoanzia. Hakuna anayeweza kuwakumbuka wote. Ila mkulima wa Zhejiang aliyemfungulia mlango rubani usiku wa mvua, akampa wali wake, huyo ni mgeni tena? Wamekula chumvi pamoja, hata kama ni mara moja tu.

Kwa haki yao, wazee wenyewe hawakusahau kabisa. Tung-Sheng Liu, Mchina aliyewasaidia kwa kutafsiri, walimpokea kama mwenzao wa heshima na alihudhuria mikutano yao. Mwaka 1992, miaka 50 baada ya tukio, baadhi ya Wachina wengine waliowaokoa walialikwa Marekani. Meza ilifunguka kidogo. Sitaki mtu asome hapa akadhani nawahukumu wanaume waliotumwa vitani wakiwa na umri wangu.

Na yupo mmoja kati yao, Jacob DeShazer, ambaye kwake meza ilifunguka sana. Alikuwa mdondosha mabomu wa ndege ya 16, iliyopiga Nagoya. Alikaa gerezani miezi 40, 34 kati ya hiyo peke yake katika chumba. Kwa maelezo yake mwenyewe, alijaa chuki. Mwaka 1944 akapewa Biblia kwa wiki chache tu, akaisoma kama mtu mwenye njaa, na chuki ikaanza kumtoka kwa walinzi wake. Mwaka 1948 alirudi Japani kama mmisionari. Kijitabu chake cha ushuhuda kilimfikia Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza mashambulizi ya Pearl Harbor, naye akawa Mkristo; wawili hao wakakutana na kuwa marafiki. Baadaye DeShazer akaanzisha kanisa Nagoya, mji ule ule. Hakuwa Mkatoliki, na hilo halinipunguzii chochote ninapomtafakari.

Ninachokiona kwa DeShazer nakiona pia kwa Yuda Makabayo. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia aya ya 38. Tunakisoma sana Novemba kwa sababu kinatetea sala kwa marehemu, lakini jamani, angalieni ni sala ya nani. Ni wanajeshi wanakwenda kuzika wenzao. Wanapoinua miili wanakuta chini ya kanzu zao hirizi za sanamu, jambo lililokatazwa. Yuda angeweza kunyamaza, akazika, akawasifu kwa ushujaa. Angeweza pia kuwaacha. Yeye anayaona makosa yao, hayafichi, halafu anachangisha drakma kama 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka ya dhambi kwa ajili yao.

Hapo ndipo jibu langu linapokaa kwa sasa. Tunapoinua kikombe kwa heshima ya rafiki, tunaweza kumsifu tu; ukianza kutaja makosa yake umeharibu sherehe. Tukisimama altareni tunaweza kusema yote. Monika, alipokuwa karibu kufa Ostia mwaka 387, hakuwaomba wanawe wamsifu. Aliomba akumbukwe altareni, kwa sababu alijijua. Na kwenye Misa, pamoja na ndugu zetu, tunawaombea marehemu wote ambao imani yao anaijua Mungu peke yake. Kwa maneno hayo, rubani na mtu wa Nagoya aliyeuawa na bomu lake wanaombewa katika sala moja. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Richard Cole, wa mwisho kati ya 80, alifariki tarehe 9 Aprili 2019 akiwa na miaka 103. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika katika kambi ya jeshi la anga ya Randolph, Texas, tarehe 18 Aprili, miaka 77 kamili tangu siku ile ya Hornet. Nilitazama kalenda ya liturujia ya mwaka huo: ilikuwa Alhamisi Kuu.

Kama bahasha yako bado ina nafasi, ongeza mstari mmoja kwa ajili ya watu wa Zhejiang na Jiangxi. Majina hatuna. Andika hivyo hivyo, padre ataelewa.