TAKRIMA NA RUSHWA: MPAKA WAKE NI UPI?

Amma baada ya hayo. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba mji mkubwa waweza kununuliwa kidogo kidogo, wala muuzaji asijue kuwa ameuza. Katika New York, karne ya 19, chama kiitwacho Tammany Hall kiliwapa maskini, wengi wao wahamiaji wa Ireland, chakula, makaa ya wakati wa baridi na kazi za mji; nao wakalipa kwa kura. Mkubwa wao, William Tweed, aliiba mamilioni ya dola katika hazina ya mji, akafa gerezani mwaka 1878. Lakini makaa yale yaliwapasha watu moto kweli, na hapo ndipo penye uzito wa mas'ala.

Kwetu neno lilikuwa takrima. Sheria ya mwaka 2000 ilisema kuwa mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema na kwa desturi, si rushwa. Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ikaibatilisha, kwa kuwa yambagua mgombea asiye na mali.

Wako waliouliza: je, kumkirimu mgeni kumeharamishwa? Hasha! Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, aliporudi akatenga fungu, akidai ni hadiya yake, Mtume alikasirika, akauliza kama ingalimfikia lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Kweli, hapa mpokeaji ni raia, na mtoaji ndiye atakaye cheo; lakini siku ya kura raia ndiye mwenye amana. Basi jirani asiyeandikishwa daftarini, alipewa khanga? Na mwaka usio wa uchaguzi, pilau ile ilipanda milima hata Mawengi? Mgeni kwetu huketishwa motoni, akala, pasipo kuulizwa chama chake.

Ama maskini aliyekula, simhukumu sawa na mtoaji. Njaa ni udhuru. Ila ajue amekula cha nani. Diwani aliyenunua kiti atataka kurudisha gharama zake, na shamba lake ni viwanja, soko na zabuni za mji.

Akiniuliza, "Shehe, nimekula, je, kura yangu imefungika?" namjibu: la, ahadi ya haramu haifungi. Ampe amwonaye mwaminifu. Na khanga, ikiwa ingalipo, airudishe kwa mwenyewe.