Wasiya wa Mwenye Duka



Mfanya biashara wa Kiluguru katika mji wa Morogoro huishi baina ya ada na sharia. Ada ya wazee wake yahesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya milimani, tangu Matombo hata Mgeta, ni ya lukolo. Mtu huilima, wala haimiliki. Sharia nayo yampa mtoto haki katika mali ya babake. Afapo bila ya kubainisha, wapwawe hushuka kudai duka, na wanawe hupanda kudai mashamba. Na wadeni wangoja mlangoni.

Basi yampasa apambanue angali hai: shamba lile ni amana ya ukoo, haliingii katika mirathi, duka, mizani na bidhaa ni jasho lake. Bidhaa za mkopo aziandike, kwani Qurani imeamrisha deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Mahakama ya Mwanzo humthibitisha msimamizi wa mirathi, bali haiwezi kulijua deni lisiloandikwa.

Ama mpwa, hapa ndipo penye uzito. Kijana aliyekaa na mjombake miaka kumi, akishusha ndizi kutoka Kinole, hana fungu katika urithi maadamu yuko mtoto wa kiume. Je, atoke mikono mitupu? La. Itazamwe kwanza: alikuwa mshirika, au mwajiriwa? Akiwa mshirika, sehemu yake si mali ya maiti kabisa. Akiwa mwajiriwa, ujira usiolipwa ni deni, nalo hutangulia urithi. Tena mjomba aweza kumuusia mpaka thuluthi, kadiri aliyoruhusiwa Saad bin Abi Waqqas, naye akaambiwa ni nyingi.

Mrithi hana wasiya ila waridhiapo wenziwe. Atakaye kumpa mwanawe duka ampe angali mzima, amkabidhi, na awape na nduguze, Bashir alipomtunuku Nuuman peke yake, Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi.

Mke huchukua thumuni marehemu akiacha mtoto, na binti nusu ya kaka yake. Lakini mafungu hayalazimu rafu zivunjwe. Warithi waliobaleghe wakiridhiana, mmoja aweza kuwanunua wenziwe kwa thamani ya siku ile. Fungu la mayatima hulindwa na wasii aliyetajwa na baba mbele ya mashahidi wawili. Wala si lazima awe ami; yuko mama yao, ambaye mara nyingi azijua bei za sokoni kuliko wote.