Usijifiche Nyuma ya Qadar



Sifa zote njema ni za Allah, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu katika imani, baada ya darsa ya wiki iliyopita dada mmoja anayesoma saikolojia aliniuliza swali ambalo wengi mnalo, ila mnaona haya kulitoa msikitini. Darasani wamesoma jaribio la Benjamin Libet la mwaka 1983. Watu waliambiwa wakunje kifundo cha mkono wakati wowote watakapo, huku wakitazama saa. Ikaonekana ubongo ulianza kujiandaa kama theluthi moja ya sekunde kabla ya wakati ambao mtu mwenyewe alisema ndipo alipotaka. Basi, akauliza, kama ubongo umeshaanza na Allah ameshaandika, mimi nitaulizwa nini Siku ya Kiyama?

Swali si geni. Maswahaba walimwuliza Mtume (s.a.w.) mazishini, huko Baqii: ikiwa makazi ya kila mtu yameshaandikwa, tuache basi kutenda? Akawaamuru watende, kwani kila mmoja hurahisishiwa lile aliloumbiwa. Kwangu mimi jibu hilo lina uzito kuliko mabishano yote ya Jabriyya na Qadariyya, na wapenzi wa ilmul-kalam wataniwia radhi.

Turudi kwa Libet. Yeye mwenyewe hakusema binadamu ni mashine. Alisema kwamba mtu akishahisi nia, bado anao muda mfupi wa kulizuia tendo. Sasa sikilizeni: katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba anayekusudia ovu kisha akaliacha, huandikiwa jema kamili, akilitenda, huandikiwa ovu moja. Na minong'ono ya nafsi umma huu umesamehewa, maadamu mtu hajaitamka wala kuitenda. Fikra iliyokuingia bila kupiga hodi huulizwi. Utaulizwa ulichoifanyia. (Sisemi sayansi imeithibitisha hadithi. Hadithi haihitaji hilo, na wanasayansi wenyewe bado wanabishana juu ya jaribio lile.)

Nayasema haya kwa sababu ya hosteli zetu. Kijana anabeti ada ya muhula, mkeka unachanika, anasema, "Qadar ya Allah." Lakini akiporwa simu hasemi qadar, anamkimbiza mwizi mpaka barabarani! Washirikina nao walidai kwamba Allah angetaka wasingeshirikisha, na Suratul-An'am, aya ya 148, ikawakadhibisha. Ibn Taymiyya ameeleza kuwa qadar hushikwa wakati wa msiba, wala haiwi hoja ya dhambi. Aliyefiwa na mzazi katikati ya mitihani tumkumbushe qadar, apate utulivu. Aliyebeti ada atubu, kisha ampigie mzazi simu aseme ukweli.

Umar (r.a.) alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, alisikia tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Akajibu kuwa anaikimbia kwenda kwenye qadar ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha ni kwa qadar. Naye akageuza msafara.

Mwenye tatizo la ada, hata kama chanzo chake ni mkeka, aonane nasi msikitini baada ya Isha kabla usajili wa mitihani haujafungwa. Hatutamtaja jina.

Wabillahi tawfiq.