KIMYA CHA ELIYA PANGONI

Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Nabii Eliya naye alikuwa mkimbizi. Malkia Yezebeli aliapa kumwua, akakimbia. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Wengi wetu tuliovuka Ziwa Tanganyika usiku tunaijua sala hiyo.

Angalieni alichofanya Mungu. Hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, kisha akamletea mkate na maji kwa mkono wa malaika, mara mbili. Eliya akapata nguvu, akatembea siku 40 hadi mlima Horebu, akaingia pangoni. Huko upepo ulipasua miamba, nchi ikatetemeka, moto ukawaka, lakini Bwana hakupatikana katika hayo. Kelele zilipokwisha ikaja sauti ya chini sana. Eliya akajifunika uso.

Ndugu zangu, kimya kinatutisha. Mchana kuna foleni ya maji, kuna mgao, kuna watoto. Usiku taa ikizimwa yanarudi tuliyoyaona njiani, na majina ya wale ambao hatujui kama wako hai. Ndiyo maana wengine wanakimbilia pombe, na wengine hawazimi redio mpaka asubuhi.

Lakini hata Eliya hakuingia katika kimya kwa furaha. Alilalamika kwamba amebaki peke yake. Baada ya kuisikia ile sauti, alirudia lalamiko lilelile, na Mungu hakumfukuza. Basi usingoje moyo utulie ndipo ukae mbele za Bwana. Nenda na lalamiko lako. Mtajie majina yale.

Kuridhika ni nini? Zaburi ya 131 inatuonyesha mtoto aliyeachishwa kunyonya, ametulia kwa mama yake. Akina mama mnajua: kabla ya kutulia, mtoto huyo alilia siku nyingi. Hakupewa alichokililia. Ametulia kwa sababu mama yupo.

Tena Mungu hakumwacha Eliya akae pangoni. Alimwambia arudi, maana wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, na yuko Elisha anayemngoja. Kimya cha kweli kinaturudisha kwa watu.

Kwa hiyo juma hili tufanye mambo mawili. La kwanza, alfajiri kabla ya kwenda bombani, keti kidogo mbele za Bwana bila kuomba kitu chochote. La pili, kama jirani yako ni mjane au mzee anayeishi peke yake, usimwambie tu kwamba Mungu yupo, ukapita. Malaika alikuja na mkate.

Tuombe: Ee Bwana, katika kimya cha nyumba zetu, uwe pamoja nasi. Wale tusiojua waliko, wewe unawajua. Tutulize kama mtoto kwa mama yake, kisha utuinue twende kwa wenzetu. Katika jina la Yesu. Amina.